Mwaka Niliotoa Injini Nne Nikaweka Mbili

Tulipomzika Mzee Nyongesa kule Kanduyi walinipa maikrofoni, kwa sababu mimi ni mtu mkubwa siku hizi. Sisemi kwa kujisifu, lakini ukweli ni ukweli: nina karakana tatu, moja Kitale, moja Kimilili, na ya tatu hapo hapo Kanduyi karibu na stediamu, na vijana ninaowaandika kazi hawatoshi kwenye picha moja. Shule niliacha darasa la sita. Nilisimama mbele ya jeneza nikawaambia waombolezaji kwamba marehemu ndiye aliyenishika mkono, na kwamba mimi na yeye tulijenga ile draya ya Kibomet iliyokausha mahindi ya watu wa Kimilili mwaka ule wa mvua mbaya. Watu wakapiga makofi. Simiyu, aliyekuwa amekaa safu ya pili na kofia yake magotini, hakupiga. Aliniangalia tu, vile fundi anaangalia geji. Nilirudi kwenye kiti nikijua nimesema nusu. Hakuniambia neno hata tulipokuwa tunakula wali na nyama nyuma ya hema, na ingekuwa afadhali kama angenitukana. Basi ile nusu nyingine nitaiandika hapa mwenyewe, kwa mkono wangu, bila kumlipa mtu aninyooshee sentensi.

Mwaka ulikuwa 2006, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita na kibanda changu cha kuchomea chuma pale Kibomet. Kutoka pale mpaka soko la Kitale hakukuwa na mtu wa kuunganisha chuma kama mimi. Hata walionichukia walileta milango yao kwangu. Nyuma ya kibanda kulikuwa na ghala ambalo wakulima wa Kimilili, wengi wao watu wa kanisa moja, walikuwa wamelikodi. Ndani mlikuwa na matangi manne makubwa ya mabati, kila tangi na feni yake chini, kila feni na kainjini kake kadogo ka dizeli, na tanuri moja la kuchoma magunzi lililopasha hewa joto. Mahindi ya huku kwetu mara nyingi yanakomaa kabla mvua haijaisha. Ukiyarundika yakiwa na maji yanapata joto yenyewe, ndani kwa ndani, kisha yanaota ukungu, na hapo huli, huuzi, na kuku nao unawaonea huruma. Mwaka uliotangulia lile kundi lilichelewa kukausha, na watu wazima wenye mashamba yao wakasimama foleni kupokea mahindi ya msaada. Mama Naliaka, mwenyekiti wao, mjane mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alikuwa akikumbuka ile foleni anaacha kuongea.

Tulikuwa tunakula mchana kwenye kibanda cha chakula kando ya ghala, meza moja ndefu iliyofunikwa karatasi ya nailoni yenye maua, chungu cha githeri, mahindi na maharagwe, kikichemka mlangoni. Hapo ndipo nilipomzoea Mzee Nyongesa. Alikuwa fundi wa ndege aliyestaafu. Alifanya kazi miaka mingi kwenye uwanja wa ndege Nairobi, akarudi kwao Kanduyi na koti la kazi la samawati na vidole safi kuliko vya daktari. Wakulima walimfanya mshauri wao wa mashine. Na Simiyu naye alikuwa hapo kila siku, fundi wa mashine za posho, zile za kusaga unga, mtu wa maneno machache, mpinzani wangu. Nilikuwa namwita fundi wa baiskeli. Yeye hakuniita chochote.

Siku moja nikamuuliza Mzee, mdomo umejaa githeri, "Hizi ndege kubwa za injini nne, si wangetoa zote wakaweka mbili kubwa? Mafuta yapungue, kazi ipungue."

Mzee akaweka kijiko chini. "Watu na digrii zao wamekaa na hilo swali miaka mingi, wewe unataka kulimaliza na githeri?"

"Digrii ni karatasi. Nne ndogo, mbili kubwa, nguvu ni ile ile."

"Huyu akipewa ndege," Simiyu akasema, "atairudisha na mabawa yamebaki sakafuni."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alitoa chaki kwenye mfuko wa koti, akavuta kipande cha bati kilichokuwa kimeegemea ukuta, akaanza kuchora pale pale juu ya magoti yake. Alisema injini kubwa ina tumbo kubwa, na bawa la ile ndege liko karibu na chini, kwa hivyo ukiitundika hapo itasugua lami. Ukisema uinue miguu ya ndege, basi lazima ubadilishe na tumbo ambamo miguu inajificha. Akasema zile injini mbili za nje hazisukumi tu: ndege ikiwa hewani bawa linataka kupinda juu, na uzito wa injini unalishikilia chini, kwa hivyo ukizitoa lazima ulijenge bawa upya. "Rakini hiyo yote ni chuma," akasema. Mzee alisema "rakini" mpaka kufa kwake, Nairobi haikumtoa. "Shida yenyewe ni siku moja inakufa. Zikiwa nne, moja ikifa umepoteza robo. Zikiwa mbili umepoteza nusu, na ile iliyobaki inavuta upande mmoja, kama ng'ombe mmoja kwenye nira ya wawili. Plau inaenda wapi?"

"Inazunguka," mtu mmoja akajibu.

"Inazunguka. Kwa hivyo mkia nao uwe mkubwa uikataze. Na hiyo injini moja iwe na nguvu ya kubeba ndege yote, na watu wote, masaa, mpaka wapate mahali pa kushuka."

"Sasa inawezekana au haiwezekani?" nikauliza.

"Inawezekana. Rakini ukimaliza, utakuta umetengeneza ndege ingine. Ndiyo maana hawakuhangaika na ile ya zamani, walichora mpya. Na hizo mpya zinavuka bahari na injini mbili."

Mama Naliaka alikuwa mlangoni anasubiri chai yake. Akasema taratibu, "Basi sisi hapa tuko na ndege ya injini nne, na mbili zimekufa tayari, na mahindi yanakuja mwezi ujao." Mimi nikasimama. Sikufikiria, nilisimama tu, githeri bado mdomoni. "Mama, nipe mimi hiyo kazi. Natoa zote nne naweka mbili za lori, na hutasikia tena habari ya injini kufa." Mzee akasema Jumapili baada ya kanisa tuje kwake Kanduyi, mimi na Simiyu, wote wawili.

Sebule yake naiona hata sasa kuliko ninavyoiona yangu. Viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kalenda tatu za miaka iliyopita zisizotolewa ukutani kwa sababu ya picha zake, redio juu ya kabati imevalishwa kitambaa kama mtoto wa ubatizo. Mkewe, Mama Esther, alitunawisha mikono kwa maji ya vuguvugu, akaleta ugali wa wimbi, mboga ya mrenda, na kuku mzima aliyepikwa kienyeji. Firigisi kwao hapewi mtu hivi hivi, nalijua hilo, na nilipoona Mzee ameichukua kwenye bakuli nikajinyoosha. Akaikata katikati kwa kisu. Nusu akaweka kwenye sahani yangu, nusu kwenye ya Simiyu. Niliila kama mtu aliyeibiwa.

Tulipomaliza kula akatoa masharti. "Ni mawili tu. La kwanza, kila injini iweze kuzungusha feni zote nne peke yake. Si mbili. Nne. Mtaweka shafti moja ndefu, injini moja huku, nyingine kule, na kila moja iweze kuachiwa mzigo wote."

"Hiyo nilikuwa nimeshaifikiria," nikasema. Sikuwa nimeifikiria.

"La pili. Fundi mmoja asiguse injini zote mbili. Mwangi ya mbele, Simiyu ya nyuma. Kila mtu afungue yake, afunge yake, na asitie mkono kwa ya mwenzake. Hivyo ndivyo tulikuwa tunafanya na ndege za injini mbili. Nikifunga filta ya kushoto, ya kulia inafungwa na mtu mwingine, hata kama mimi ndiye mkubwa wake."

"Na kama huyo mkubwa ndiye fundi mzuri?"

"Hata kama ni mzuri. Akikosea, atakosea vile vile pande zote mbili, kwa sababu mkono ni mmoja na akili ni moja. Zitakufa pamoja. Sasa ulikuwa unaweka mbili za nini?"

Simiyu akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaitikia pia, lakini rohoni nilikuwa nasema, huyu mzee ananitafutia msaidizi kwa sababu sikusoma. Nilipotoka kwenda kunawa nikamsikia Mama Esther jikoni, kwa sauti ya chini, "Huyo wa Kibomet ana mdomo." Na Mzee akamjibu, "Mdomo anao. Rakini nitasimama naye." Na alisimama kweli. Wiki hiyo alienda mbele ya wale wakulima, kofia mkononi, akawaambia kama mahindi yao yataoza wasinitafute mimi wala Simiyu, wamtafute yeye Kanduyi. Alikuwa na umri wa miaka sabini na zaidi, na hakuna mtu aliyewahi kumtafuta kwa ubaya.

Injini tulizipata kwenye malori mawili yaliyokuwa yamekufa kwa njia zingine, silinda sita kila moja, pacha kabisa. Zile kazi za vyuma nilizifanya vizuri na hakuna atakayenipinga: shafti, vishikio, puli, belti, kila kitu kilikaa kama kimezaliwa hapo. Nikaanza kuwaambia watu kwamba ile ya kila injini kubeba feni zote nne ilikuwa akili yangu. Shida ilikuja kwenye gasketi ya nyumba ya filta ya oili, ile pete inayozuia oili isivuje. Za zamani zilikatika tulipozifungua, na hatukupata nyingine Kitale wala Bungoma. Mimi nilikata yangu kwenye tyubu ya gurudumu la lori. Mtu wa jua kali anajua tyubu: tunafungia mizigo, tunazibia mabomba, tunatengenezea bawaba za mlango, hakuna kitu kinashinda tyubu. Iliniitikia, ikatoka mviringo safi kama imetoka kiwandani. Simiyu alikata yake kwenye ngozi, akailoweka kwenye oili siku mbili kwenye mkebe wa maziwa. Ilitoka nyeusi, ukingo umepinda pinda, sura yake kama sikio la mbwa mzee.

"Hiyo ni injini au ni kiatu?" nikamuuliza.

"Ngozi inapenda oili, bana."

"Watu wakiona hiyo watasema sisi ni mafala."

"Si wataona injini ikinguruma? Ndani nani anaangalia?"

Siku moja kabla ya kuwasha, Simiyu aliitwa Kimilili kwa mashine ya posho iliyokwama. Ilikuwa mchana, saa nane hivi, ghala tupu, jua linaingia kupitia matundu ya misumari kwenye bati. Nilisimama mbele ya injini ya nyuma. Nikafikiria Mama Naliaka, ile foleni ya msaada, na mahindi ya watu wote yakitegemea sikio la mbwa. Nilichukua spana. Haikuchukua hata nusu saa: nikafungua, nikaitoa ile ngozi, nikaitupa kwenye tanuri, nikaweka ya tyubu, nikakaza na nikafuta alama za vidole kwa kitambaa. Hakuna aliyeniona. Leo nikifikiria naona nimevunja neno la mzee aliyesimama kwa ajili yangu. Siku ile sikuona hivyo. Niliona nimeokoa kazi, na kwamba kwa ubaya wao hawatajua hata kunishukuru.

Tuliwasha. Zilinguruma pamoja mpaka mabati ya paa yakatetemeka, na Mama Naliaka akaimba. Wiki mbili baadaye mvua ilishuka na ikakataa kukatika. Matrekta yalikuja na trela zimefunikwa nailoni, watu wamekaa juu ya nailoni wenyewe wamelowa, na matangi yote manne yakajaa mahindi mazito, ya baridi, yanayonuka majani mabichi. Kulikuwa na mengine yamerundikwa sakafuni yakingoja zamu. Siku mbili injini zilifanya kazi kwa zamu na kwa pamoja, hewa moto ikapanda, mvuke ukatoka juu ya matangi. Siku ya tatu, karibu saa sita mchana, nilisikia injini ya mbele, yangu, imeanza kugonga ndani. Mtu ambaye si fundi asingesikia. Nilikimbia nikaizima. Chini yake kulikuwa na dimbwi jeusi.

Nilifungua nyumba ya filta na mikono ikiungua. Ile gasketi yangu safi ilikuwa imevimba, imelegea, imetokeza nje kama ulimi. Nilipoigusa ilikatika vidoleni kama ugali uliolala kwenye maji. Oili ya moto ilikuwa imeila. Tyubu inashinda kila kitu isipokuwa oili ya moto, na hilo mimi, Mwangi, mfalme wa tyubu, sikulijua. Nikaificha mfukoni.

Watu walikuwa wamekusanyika. Mzee Nyongesa aliingia, maji yakidondoka kwenye ukingo wa kofia, akaangalia injini iliyozimwa, akaangalia belti zilizokuwa bado zinazunguka kwa nguvu ya ile ya nyuma, akainua mkono. "Msiogope," akawaambia. "Hii ndiyo siku tuliyoipangia. Ile ya nyuma imejengwa ibebe zote nne, na imefungwa na mikono mingine. Simiyu ndiye ameifunga. Itatubeba mpaka Mwangi atengeneze yake." Nikaona mabega ya watu yanashuka. Mama Naliaka akasema, "Asante Yesu, asante Simiyu," na wanawake wakarudi kuchambua magunzi.

Sasa fikiria pale niliposimama mimi. Katika ghala lile lote, na watu labda arobaini, mtu mmoja tu alijua kwamba ile injini ya nyuma ina tyubu ile ile, iliyokatwa na mkono ule ule, na sasa imepewa mzigo wa mbili na joto la mbili. Niliinama mbele ya injini yangu nikajifanya natafuta kitu. Kila dakika chache nilinyanyuka, nikapita nyuma kama mtu anayetafuta spana, nikaangalia mshale wa geji ya oili. Ulikuwa umesimama vizuri. Nikarudi. Nikajiambia labda ile ya nyuma ilikuwa kipande kizuri zaidi cha tyubu. Nikapita tena. Mshale ulikuwa umeshuka upana wa ukucha.

Kulikuwa na tone sakafuni. Nikaliona, na mguu wangu ukaenda wenyewe ukalikanyaga. Simiyu alikuwa amesimama upande wa pili wa belti. "Hiyo ni oili?"

"Ni maji. Paa linavuja."

Akaitikia kwa kichwa, akakubali. Mbona asikubali? Alijua ameweka ngozi. Aliamini mkono wake, na mkono wake haukuwa mle. Hilo tone nililikanyaga nikiwa nasikia wanawake wawili nyuma ya rundo la mahindi. Mmoja alikuwa anamwambia mwenzake kwamba mumewe amekataa kuja, amesema akiona tena mahindi yanafuka moshi yenyewe atapotea nyumbani. Mwingine akamjibu, "Mwaka huu hayafuki. Mzee amesema." Nikatoa ile gasketi mfukoni nikaiangalia, nikairudisha. Tone la pili likaanguka kando ya kiatu changu. Kwa nini sikusema hapo hapo? Nimejiuliza miaka yote. Nilikuwa nafanya hesabu ya kijinga: nikifunga yangu haraka, niiwashe, nizime ya nyuma kwa kisingizio, niifungue kimya, hakuna atakayejua. Lakini ningeifunga na nini? Sikuwa na kitu kingine ila tyubu.

Mzee alivuta kigoda akakaa karibu na injini ya nyuma, mgongo kwenye nguzo. Mtu alimpa hindi la kuchemsha. Alikula polepole, punje kwa punje, amefumba macho, akiisikiliza ile injini vile wengine wanasikiliza mahubiri. Kisha akafungua macho akasema kwa sauti, ili watu wote wasikie, "Simiyu, baba, umetupa siku nyingine."

Sijui ni nini kilichonivunja. Ningependa kusema ni huruma. Nadhani ilikuwa ni kusikia mtu mwingine akisifiwa kwa kazi yangu, na hiyo kazi ni mbovu. Nikasikia sauti yangu kabla sijaamua. "Mzee, izime hiyo."

"Nini?"

"Izime. Hiyo si ya Simiyu. Niliifungua alipoenda Kimilili. Nilitoa ngozi yake nikaweka tyubu. Zote mbili ni mimi." Nikatoa kile kipande mfukoni, nikakiweka kwenye kiganja chake safi. "Ya mbele imekuwa hivi. Hiyo nayo inakuwa hivi sasa."

Mzee aliinuka, akaivuta waya ya kuzimia, na injini ikafa. Feni zote nne zikapunguza mwendo, zikalia, zikasimama, na kilichobaki ni mvua tu juu ya mabati. Mama Naliaka hakunitukana. Alivua kanga mabegani, akaifunga kiunoni, akapanda ngazi ya tangi la kwanza na sepetu ya mbao, akaanza kugeuza mahindi kwa mikono. Wengine wakapanda matangi mengine. Mvuke ulikuwa unatoka mahali ambapo sepetu zilipita, na nilijua tuna muda mdogo sana.

Simiyu alinijia. Alikuwa ananiangalia usoni huku anafungua mshipi wake, ule mpana wa ngozi, anauvuta kwenye suruali kitanzi baada ya kitanzi. Nikajua ananichapa mbele ya watu, na sikujikinga. Alinipita. Akauweka mshipi juu ya fuawe langu la kufulia vyuma, akachukua kisu, akaupima na nyumba ya filta, akaanza kukata. Duara mbili. Aliziloweka kwenye mkebe wa oili ya moto. Kisha akaokota kipande cha tyubu sakafuni akafunga nacho suruali, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Alipoinua zile duara mbili, Mama Naliaka akapiga kelele kutoka juu ya tangi, jasho likimtiririka. "Simiyu afunge zote mbili! Huyo mwingine asiguse kitu! Mzee, mwondoe huyo mtu hapa!"

"Mwondoe!" sauti zingine zikaitikia.

Mimi nilikuwa nimeshaweka spana chini. Ilikuwa haki yao. Mzee alisimama kati ya zile injini mbili, zote zimekufa kwa sababu yangu, na mahindi ya watu waliomwamini yanapata joto juu ya kichwa chake.

"Mama," akasema, "tuko hapa kwa nini? Si kwa sababu mtu mmoja amefunga zote?"

"Kwa sababu ametudanganya!"

"Ametudanganya. Na hilo nitalibeba mimi, nilisema nitalibeba. Rakini sasa unataka Simiyu afunge zote. Simiyu amekasirika, ana haraka, na mkono wake ni mmoja. Sikusema nataka fundi mzuri. Nilisema nataka mafundi wawili." Akachukua duara moja, akampa Simiyu. Akachukua ya pili, ikidondosha oili, akanipa mimi. "Yule ya nyuma. Wewe ya mbele. Kama ilivyokuwa."

Nilipiga magoti. Nimechomea mageti ya watu wenye majina, nimenyanyua paa la kanisa bila kipimo, na sijawahi kufunga boliti nne kwa woga kama ule. Nilisafisha uso wa chuma kwa kitambaa, mara mbili, mara tatu. Ile ngozi haikuwa na sura yoyote. Ilikaa mahali pake kama inapajua. Nilikaza kwa msalaba, boliti hii kisha inayoikabili, kidogo kidogo, nikajaza oili, na nilipomaliza nikanyanyuka na kusogea kando, kwa sababu nilimwona Simiyu anakuja upande wangu, mkono mmoja umeshika suruali. Nilitaka aangalie. Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka mtu akague kazi yangu. Alifika, akasimama, hakuinama.

"Yako ni yako," akasema, akarudi nyuma kwa yake.

Ya Simiyu iliwaka kwanza. Yangu ikakohoa, ikatoa moshi, ikashika. Feni zikaanza kugeuka, hewa ikapanda kwenye matangi, na huko juu watu wakashuka mmoja mmoja wakiwa wamelowa kama waliotoka mtoni. Kwenye tangi la tatu tabaka la juu liliharibika, kina cha kiganja, na tuliambiwa baadaye kwamba hilo tu ndilo lililopotea. Lakini saa ile sikulijua. Saa ile nilikuwa nimechuchumaa mbele ya geji na sepetu za watu zinanipita kichwani. Mama Naliaka alileta chai. Alimpa Mzee, akampa Simiyu, akawapa waliogeuza mahindi. Kikombe changu alikiweka chini mbali, kando ya mlango, ambapo lazima niiache injini ndiyo nikakichukue. Akasimama hapo anaangalia nitafanya nini. Sikuondoka. Chai ikapoa pale mlangoni, matone ya mvua yakaingia ndani ya kikombe, na mshale haukushuka.